Apeli kabla ya Miksi

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, keki na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu mlisema nilikuwa fundi wa miksi, wa kuchanganya sauti za wimbo. Sikuwa. Sijawahi kumiksi wimbo hata mmoja ukatoka nje ya mlango. Kazi yangu ilikuwa ile inayotangulia: kupokea sauti zikiwa zimevurugika, kuzipa majina, kuzisafisha, kuzipanga, kisha kumkabidhi Didi akae kwenye kiti chake cha kuzunguka na aanze kusifiwa. Sina kinyongo naye, Didi ni mtu mwema na masikio yake ni mazuri. Ila ninyi vijana mnaobaki studioni mna haraka. Mnafungua kazi ya mtu na kukimbilia vitufe vya mwangwi kabla hamjajua ndani ya wimbo mna nani. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani kwangu Kinanira kuwaandikia. Vyeo na mishahara sitavitaja, maana navyo havikunitaja sana.

Nilianzia bandarini. Nilikuwa karani wa wakala mmoja wa forodha, kazi yangu kupanga mizigo ya boti za Kigoma na Kalemie: nini kiingie kwanza, nini kikae juu, nini kisilazwe karibu na samaki. Karatasi zilinichosha lakini chaki niliipenda. Kila mzigo niliuchora rangi yake, na mtu akiuliza sanduku lake nilimwonyesha bila kuinuka kwenye kiti. Siku moja akaja Mzee Salum, wa familia ya Kiarabu yenye duka la vitambaa mjini tangu enzi za babu yake. Alikuwa amefuata makasha ya mitambo yake, na alikuja amejiandaa kugombana mpaka jioni, kama walivyofanya wengine wote. Nilimnyooshea kidole tu, makasha yakaonekana.

"Binti, hizi rangi nani amekufundisha?" aliniuliza.

"Hakuna mutu, Muzee. Mi sipendi kutafuta kitu mara mbili."

Alicheka, akasema anapajua mahali ambapo watu wanatafuta kitu kimoja mwezi mzima, na kama nikichoka na harufu ya dagaa niende nikapaone.

Mahali penyewe palikuwa chumba cha kurekodia muziki nyuma ya duka lake. Mzee Salum alipenda muziki kuliko biashara, jambo ambalo ndugu zake walilizungumza kwa sauti ya chini kama ugonjwa. Kuta zote za chumba zilikuwa zimepangwa majora ya vitambaa visivyouzika, na kitambaa, kama mnavyojua, hunywa mwangwi vizuri sana. Tatizo likawa mitindo. Maua makubwa yaliporudi kupendwa na wanawake wa mjini, majora yakauzwa yote, chumba kikaanza kulia kama kisima. Mzee alinunua magodoro akayaegemeza ukutani, na wageni wakadhani tumefungua nyumba ya kulala wageni.

Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya mashine ya kanda, akanivalisha kaski masikioni, akasema, "Bismillahi," akabonyeza. Mimi ni Mkatoliki, lakini mpaka leo kidole changu hakibonyezi kitu bila kulingoja neno hilo kwanza. Aliniagiza nisiguse chochote. Nisikilize kila sauti peke yake, toka mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo mwenyewe haimbi.

"Kama haimbi nisikilize nini, Muzee?"

"Hapo ndipo utamjua," alisema, akaenda kuswali.

Basi nikasikiliza. Mpiga gitaa alikuwa akinong'ona wimbo mwingine kabisa kati ya beti. Mpiga besi kiti chake kililia kila alipobadilisha mguu. Mwimbaji mmoja alivuta kamasi kila mara kabla ya kiitikio, na mwenzake akaguna, na kutokana na ile miguno nilijua wawili hao hawaelewani. Mzee aliporudi nilimwambia hivyo. Akaniambia ni kweli, ni mtu na shemeji yake, na kwamba kazi nimeipata.

Mengine mliyoyaona kwangu yote ni yale yale ya siku ile, ila yalibadilisha nguo kompyuta zilipokuja. Pisti, yaani mstari mmoja wa sauti kwenye kioo, lazima iwe na jina la mtu au la chombo. Nimepokea kazi zenye pisti iitwayo "Audio 2", nyingine "Audio 2 mpya", nyingine "Audio 2 mpya ya kweli", na mwenye kazi akaapa ile nzuri ni ya kwanza. Rangi ni chaki zangu za bandarini: ngoma kahawia, besi buluu, sauti za watu njano. Pisti zote zianzie mahali pamoja, hata ya yule anayeimba neno moja mwishoni, ili mwenzako akizifungua kwenye mashine nyingine zisitawanyike kama kuku. Ukipokea kazi kutoka ng'ambo, hakikisha mashine yao na yako zinahesabu sauti kwa kasi moja. Nililetewa kutoka Bukavu mhubiri mwenye sauti nzito, akafunguka kwetu analia kama mbuzi, na mkewe alikuwepo chumbani. Usiijaze sauti mpaka pomoni, mwachie mwenye miksi nafasi ya kukoroga. Nakala ya pili ya kazi ilale nyumba nyingine. Mimi yangu niliilaza kwenye debe la mchele, na mume wangu alikaribia kuipika.

Na ukikata sauti, ipinde. Mzee Salum alisema ukingo wa sauti ni sawa na ukingo wa kitambaa, usipokunjwa pindo utachanika, nawe utausikia ukilia "tak" kila mahali ulipopitisha mkasi. Nilitumia saa nyingi za maisha yangu kukunja pindo. Hasa za pumzi. Waimbaji wetu wanavuta pumzi kama watu wanaopandisha mlima wa Kinanira na ndoo kichwani, na mwenye miksi akiibana sauti, zile pumzi zinaruka mbele kuliko maneno. Kwa hiyo nilizikata. Nilizikata nyingi mpaka Didi akaniita mchinjaji.

Sheria mbili za Mzee sikuzivunja. Ya kwanza: hakuna kinachotupwa kabla mwenyewe hajakiona. Sauti isiyohitajika unailaza, yaani unaizima na kuishusha chini kabisa ya kioo, huko itulie. Ya pili ni apeli. Alianza kuifanya baada ya kikundi kimoja kusikia wimbo wao redioni na kugundua sauti ya dada mmoja haimo kabisa. Pisti mbili zilipewa jina moja, moja ikaikalia nyingine, na hakuna aliyeona mpaka yule dada alipolia mbele ya wenzake. Tangu hapo, kabla kazi haijaenda kwenye miksi, waimbaji wote wanakuja, ninaifungua kila sauti peke yake kidogo, na mwenyewe anajibu kama shuleni mwalimu anapoita majina: "Niko." Na kikibadilika kitu chochote, apeli inarudiwa. Watu walilalamika kuhusu nauli, wakaja. Mzee alipofariki na duka likauzwa, tukahamia huko Kigobe mliko sasa, nami nilihama na apeli yake.

Sasa niwaambie habari ya kwaya ya Fiston, maana tangu nistaafu ndiyo ninayoifikiria zaidi.

Walikuwa watu wa Uvira. Walivuka mpaka wakati wa vita, kila mtu na kilichomo mkononi, na huku wakaanza upya: mmoja akauza mawese, wengine wakabeba mizigo bandarini, mwingine akasuka nywele. Jumapili waliimba. Nyimbo zote zilikuwa za Mama Nabintu, mama yake Fiston, aliyeianzisha kwaya ile Uvira kabla Fiston hajazaliwa. Nyimbo hazikuandikwa popote. Na wakati huo familia kadhaa zilikuwa zimepata ruhusa ya kwenda kuishi ng'ambo, huyu Kanada, yule Australia. Walikuja kwetu kwa sababu walijua hawatasimama tena pamoja. Wakizirekodi, zitabaki. Wasipozirekodi, kila mtu ataondoka na kipande chake.

Mnakijua chumba chetu cha kuimbia, watu watatu tayari ni umati. Kwa hiyo Mama Nabintu aliimba kwanza, peke yake, na wengine wakaingia mmoja mmoja wakimsikiliza yeye kwenye kaski. Beti zake zinaanza bila ngoma wala gitaa. Anavuta pumzi, wote wanaingia. Ndivyo walivyoimba siku zote. Ila Mama alikuwa ametoka kuugua, na sauti yake ilitetemeka vibaya, wakati mwingine ikakatika katikati ya neno. Waliimba juu yake, vizuri sana, wakaenda zao.

Nilikuwa nimeanza kuzipaka pisti zao rangi Fiston alipokuja asubuhi moja peke yake. Hakukaa.

"Mama Rejina, mi naomba kitu moja. Ile sauti ya mama, itoe."

"Niitoe vipi? Hizi nyimbo ni zake."

"Njo maana. Watu wa Uvira wanamujua vile alikuwa anaimba. Zamani mutu alikuwa anaacha sahani ya chakula juu ya kumusikiliza. Sasa watasikia hii? Watamucheka. Ao watamuhurumia, na hiyo iko mubaya zaidi. Mi siwezi acha wamuhurumie mama yangu."

"Yeye anajua?"

"Apana. Na usimwambie, tafadhali."

Nilimkasirikia, sitaficha. Lakini nilipomwangalia vizuri niliona anataka kulia, na mtoto anayeona haya kwa niaba ya mama yake si mtoto mbaya. Tena mimi si mwenye wimbo. Nilisema nitailaza, na nikailaza.

Hapo kazi ikaharibika mkononi mwangu. Bila Mama, kabla ya kila mstari palikuwa na shimo. Waimbaji wote wananyamaza, kimya kinakaa, kinakaa tena, halafu wote wanaingia kwa pamoja bila sababu inayosikika. Nilivuta sauti nyuma, nikazisogeza mbele, nikafupisha kimya, wimbo ukaanza kukimbia kama mtu anayefukuzwa. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilimpigia Fiston nikamwambia kuna shimo. Akasema Didi ataliziba. Didi alisikiliza, akavua kaski, akasema, "Mama Rejina, hapa kuna mutu hayuko." Nikamjibu najua, na siruhusiwi kumtaja.

Ikabaki apeli. Fiston aliniomba tuiruke safari hii. Nikakataa. Basi akasema atawaleta waimbaji, mama atabaki nyumbani apumzike. Siku ilipofika, wa kwanza kuingia chumba cha kusikilizia alikuwa Mama Nabintu, amevaa pagne, kitenge chake cha Jumapili, ameleta sambusa kwenye kikapu. Dada anayesuka nywele alikuwa amemwambia kuna apeli, kwa wema tu. Alikaa kiti cha mbele kabisa. Fiston alisimama nyuma karibu na mlango na hakugusa sambusa.

Nilisema Bismillahi moyoni, nikaanza. Nilifungua sauti ya msusi. "Niko," alisema, akacheka kwa haya, kama wanavyocheka wote wakijisikia peke yao. Nikafungua ya muuza mawese. "Niko." Nikafungua za wale vijana wa bandarini, za wanawake wawili mapacha ambao hata wao walibishana ipi ni ya nani, na ya Fiston mwenyewe, ambaye alijibu akiangalia sakafu. Kisha pisti zikaisha. Niliondoa mkono kwenye kibodi.

Mama Nabintu alingoja. Alikuwa amekwishakaa sawa, mikono juu ya magoti, tayari kujibu.

"Na mi?" aliuliza.

Chumba kizima kilinigeukia. Nimekutana na mitambo iliyoungua na diski zilizokufa, lakini sijapata saa ngumu kama ile. Nilimwambia kweli, maana uongo kwenye apeli unaiondolea apeli maana yake.

"Mama, sauti yako nimeilaza."

"Nani amekutuma?"

Fiston akajibu toka mlangoni. "Ni mi, mama."

Akasogea, akapiga magoti karibu na kiti chake, akamweleza yote aliyonieleza mimi, watu wa Uvira, kucheka, kuhurumia. Alisema kwa kukatakata. Wale wengine waliangalia sambusa. Mama alimwacha amalize. Alinigeukia mimi.

"Iamshe. Nisikie."

Niliipandisha kutoka chini, nikaifungua peke yake. Alifumba macho. Sauti ilitetemeka, ikakatika, ikarudi, ikaparamia noti ya juu na kuteleza. Mapacha wakaanza kufuta machozi. Wimbo ulipoisha alifumbua macho akatikisa kichwa, kama mtu anayepima kitambaa na kukuta kweli kimepauka.

"Mutoto anasema kweli," alisema. "Iko natetemeka. Ilaze tena. Sasa niwekee wao."

Niliilaza, nikafungua wengine wote. Ubeti wa kwanza ulikuwa bado haujaanza, palikuwa na kile kimya. Kinakaa, kinakaa. Na Mama Nabintu, pale kitini, bila kukusudia, akainua kifua akavuta pumzi kwa nguvu, na sauti zote zikaingia hapohapo, juu ya pumzi yake, pamoja. Mstari wa pili, vilevile. Wa tatu alikuwa tayari anacheka.

"Yoo! Wananingoja!" alisema. "Fiston, unasikia? Hawa wote wananingoja."

Fiston alikuwa analia sasa wazi. "Mama Rejina, rudisha. Rudisha yote, sauti yake yote. Wacheke kama wanataka kucheka."

"Apana," Mama alisema. "We uliogopa juu yangu, na sasa unalia juu yangu. Nyamaza kidogo. Sauti yangu watu waliisikia wakati ilikuwa sauti. Hii ya leo iko ya kuombea kwa nyumba. Lakini hawa watoto wanaenda mbali. Kule nani atawaonyesha wakati wa kuingia?" Akaniuliza, "Mama Rejina, unaweza kutoa maneno, uache pumzi?"

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimeacha maneno na kutoa pumzi. Nilimwambia naweza.

Niliifanya kazi hiyo polepole kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipita mstari kwa mstari, nikakata neno, nikabakiza pumzi, nikaikunja pindo pande zote mbili. Kuna pumzi fupi, za kukimbilia kiitikio. Kuna ndefu kabla ya ubeti wa mwisho, ambayo katikati yake anakohoa kidogo, nikaiacha na kikohozi chake. Maneno niliyoyatoa niliyalaza chini, sikuyatupa. Pisti niliiita "Mama", nikaipaka njano kama waimbaji wengine, nikaipandisha juu kabisa. Didi alipofungua alinitania kwamba uzee umeanza, nimempa pisti tupu. Nilimwambia angoje. Alingoja, akasikia, akarudisha kiti chake nyuma.

Lakini kitu kilikuwa kimebadilika, na kitu kikibadilika apeli inarudiwa. Niliwaita wote tena. Baadhi yao walikuwa wameshafunga masanduku. Fiston alikuja amemshika mama yake mkono, akamkalisha mbele, naye akakaa karibu yake. Nilifungua sauti moja moja kama kawaida, na kila mtu alijibu. Mwisho nikazizima zote, nikaiacha ya juu.

Hapakuwa na kitu. Mashine ilienda, kioo kilienda, watu wakatazamana. Kisha pumzi moja ikaingia, ikajaa chumba, ikakatika. Kimya tena.

Mama Nabintu alikaza pagne yake kiunoni, akasimama.

"Niko," alisema.